Papa Alipohamia Jeep Nyingine

Jeep yetu ya zamani haipiti matope mpaka mtu ashuke. Naanza na jambo hilo kwa sababu wivu wangu wote wa safari ile ulitoka hapo, na asiyelijua ataniona mjinga bure.

Magurudumu yote manne yanaweza kuvuta, lakini yale mawili ya mbele yamelala mpaka uyaamshe. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kitu cha chuma cha mviringo, kama kifuniko cha sufuria ndogo. Sisi tunakiita moyeu. Unashuka, unainama, unakizungusha kwa mkono mpaka kigote. Halafu unarudi ndani na kuvuta fimbo fupi iliyo kando ya fimbo ya gia, ile tunayoiita crabot, na hapo ndipo mbele na nyuma vinashikana. Ukivuta crabot bila kufunga moyeu unajidanganya tu: fimbo imeingia, roho imetulia, na magurudumu ya mbele yanafuata kama wageni. Ukifunga moyeu wa upande mmoja na kusahau wa pili, ni yale yale.

Dereva anaweza kuifanya kazi hiyo peke yake, akizunguka pua ya gari. Kwetu haikuwa hivyo. Mimi nilifunga wa kushoto, Papa wa kulia. Mtambo ukinguruma katikati yetu, yeye aliuliza kama nimefunga, kwa sauti ya kupita juu ya mtambo: "Fermé?" Nami nilijibu, "Fermé, Papa." Basi. Tulipanda tukaendelea.

Sitaki mtu afikiri kwamba hayo ni maneno machache. Papa nyumbani anaweza kunawa, kula, kusikiliza habari za redio na kwenda kulala bila kutoa neno zaidi ya "bon", yaani haya. Kando ya matope aliniuliza swali na akangoja jibu. Barabara ya Opala, njia yetu ya kazi, ina matope mengi, kwa hiyo kuna siku tulikuwa tunaongea sana.

Jeep hiyo aliinunua zamani kutoka kwa mapadri waliokuwa wanapata mpya, akabeba nayo mpunga, ndizi za makemba na mafuta ya mawese kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto mpaka sokoni Kisangani. Macho yake yalipoanza kukosea mashimo, alinipa ufunguo, akahamia kiti cha kulia. Mimi nilikuwa nimeacha masomo kabla ya diploma, na kichwani nilikuwa na kampuni yangu ya usafiri, jeep nyingi zote za kijani, na dereva wa kwanza wa kampuni ni mimi, na msafiri wa kwanza ni Papa. Kampuni hiyo bado iko kichwani, inaendelea vizuri.

Sasa, mkubwa wangu wa tumbo moja alipata mchumba katika kijiji kimoja kwenye barabara hiyo ya Opala, na siku ya kupeleka dot, yaani mahari, ikapangwa. Mbuzi, gunia la chumvi, taa, mapanga, kostime, yaani suti, ya baba mkwe, pagne za kitenge za mama mkwe, vyote vilikuwa tayari. Mimi nilikuwa nimebadilisha mafuta ya mtambo, nimepaka moyeu mafuta, nimesugua kiti cha Papa kwa sabuni mpaka rangi ikabadilika. Nilitaka afike kwa wakwe akiwa juu ya jeep yake, nami nikiwa kwenye usukani. Sikuomba kingine.

Ndipo akaja yaya.

Yaya ni mtoto wa marehemu mkubwa wa Papa. Mimi namwita yaya, yaani kaka mkubwa, yeye ananiita leki, mdogo wake, na baba yangu naye anamwita Papa kama mimi, kwa haki yake kabisa, maana kwetu ndugu wa baba ni baba. Sikuwa na neno juu ya hilo mpaka wiki ile. Yeye ni dereva wa mfanyabiashara wa mbao, na patron wake alikuwa amemwazima jeep mpya kwa ajili ya dot, kama mchango wake. Iliingia kwenye uwanja wa parcelle yetu pale Mangobo bila sauti. Hilo ndilo lilinikera kwanza. Kuku hawakukimbia hata mmoja.

Rangi yake ilikuwa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Nilizunguka mbele nikainama kwenye gurudumu.

"Moyeu iko wapi?" nikauliza.

"Haina."

"Haina namna gani?"

"Leki, haina. Inajua yenyewe." Akafungua mlango na kunionyesha, kwa upole, na huo upole nao ulinikera. "Gurudumu moja likizunguka bure, inalishika na breki, nguvu inaenda kwa lile lenye kushika udongo. Kompyuta njo inagawa. Mi sishuki. Kiatu yangu hii inaweza kukaa mwaka."

"Na crabot?"

"Kitufe."

Kweli, palikuwa na kitufe cha kuzungusha, chenye picha ndogo ndogo: picha ya matope, ya mchanga, na nyingine kama nyota. Mkubwa wangu, bwana harusi mwenyewe, aliingiza kichwa dirishani.

"Hii nyota ni ya nini?"

"Neige, theluji," yaya akasema.

"Neige ya wapi, ya Lubunga?"

"Ikianguka, sisi tuko tayari."

Watu wote wa parcelle walicheka. Shangazi yetu, dada wa Papa, aliyekuwa anafunga makemba kwa safari, alicheka mpaka akaketi. Mimi nilitafuta pa kushika.

"Yako haina gia fupi," nikamwambia. "Yangu, kilima chochote, naingiza ile ndogo, inapanda pole pole kama kobe, bila kukanyaga mafuta."

"Haina, ndiyo. Lakini mteremko inajizuia yenyewe, mguu yangu iko pembeni."

"Na kwenye lami? Yako inavuta yote wakati wote, inakula pneu, inamaliza matairi."

"Hapana, leki. Ya kwako njo inakula pneu. Ukisahau crabot kwenye lami, ukikata kona, mbele na nyuma vinagombana. Hii inaacha kila gurudumu liende mwendo wake."

Hilo lilikuwa kweli, tena nililijua vizuri.

"Bon. Ikiharibika kule porini, nani ataitengeneza? Yangu kila kwado, kila fundi wa barabara, anaijua."

"Kila kwado anaijua," akasema, "kwa sababu imelala kwa kila kwado."

Nilicheka pamoja nao. Kucheka ukiwa umekasirika ni kama kunywa chai bila sukari mbele ya mgeni: unameza, unasema nzuri. Papa alikuwa amesimama kwenye kizingiti, anaangalia ile jeep ya maziwa. Hakucheka. Alipitisha mkono kwenye ukingo wa mlango wake, pale chini mtu anapoingilia, akaurudisha mfukoni.

Siku ya kuondoka Papa alitoka na kostime yake ya kijivu na viatu vyeusi. Nilikuwa tayari nimemfungulia mlango wa kulia na kutandika kitambaa safi kwenye kiti. Alipita mbele yangu. Alitembea pole pole mpaka kwenye jeep ya yaya, akasimama, akasema bila kugeuka:

"Mi nitapanda hapa."

Nilingoja aseme sababu. Alisema, "Bon."

Kwa hiyo bwana harusi akaketi kwenye kitambaa safi, shangazi akaketi nyuma kati ya mbuzi na gunia la chumvi, na mimi nikafuata. Mtoni tulipanda bac, kile kivuko, jeep mbili moja nyuma ya nyingine, na muda wote wa kuvuka nilikuwa natazama kichwa cha Papa kupitia kioo cha nyuma cha ile mpya. Vioo vyao vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya baridi ya mashine. Sikusikia kitu. Lakini nilimwona yaya akigeuka kusema neno, halafu nikaona taya la Papa linacheza. Likacheza tena. Likaendelea kucheza.

Papa alikuwa anaongea. Si "bon". Mtu hasemi "bon" kwa muda mrefu namna ile.

"Unakunja uso kama umemeza limau," mkubwa wangu akaniambia. "Mi njo ninaoa, mbona wewe njo unalia?"

"Silii."

"Acha mutoto," shangazi akasema kutoka nyuma. "Papa yake amepata mwanamke mwingine wa maziwa."

Hata mbuzi alilia. Nilicheka, kwa sababu shangazi akisema kitu huwezi kubaki na uso mkavu, lakini alikuwa amegusa penyewe.

Baada ya Lubunga, ng'ambo ya mto, lami ndogo inakwisha na udongo mwekundu unaanza. Mvua ilikuwa imenyesha siku zilizotangulia. Jeep ya yaya ilikwenda mbele yetu bila kuruka. Ilikuwa inameza mashimo. Yetu ina lame chini, springi za chuma zile za kubeba mizigo, na ikikuta shimo inakupa habari ya shimo hilo mpaka kwenye meno. Siku zote niliipenda kwa hilo. Nilikuwa nasema, gari linalokuambia barabara iko namna gani ni gari la ukweli. Siku ile nilitazama ule mgongo wa maziwa unavyoteleza mbele na nikajisikia kama mtu aliyeita sakafu ngumu ukweli kwa sababu hana kitanda.

Tulifika kwenye tope kubwa, pale malori ya makaa yamechimba mifereji miwili mirefu, na katikati kumebaki tuta. Nitasema kama ilivyo: niliomba ikwame. Sikuomba izame, wala mtu aumie. Niliomba ikae tumboni juu ya lile tuta, kwa kuwa iko chini kuliko yetu, magurudumu yake yazunguke hewani na kompyuta yake igawe hewa. Ndipo Papa ateremshe kioo, ageuke nyuma, anitafute.

Yaya hakuingia kwenye mifereji. Alipandisha magurudumu ya upande mmoja juu ya tuta, mengine kwenye ukingo, akaenda mshazari, taratibu. Niliona gurudumu la nyuma likianza kuteleza, nikashika usukani wangu kwa furaha. Kulisikika mlio mdogo wa kukwaruza, tak-tak-tak, zile breki zinazojishika zenyewe, na jeep ikatoka upande wa pili kama mtu aliyeinua sketi yake akavuka maji. Taa za nyuma ziliwaka mara moja. Ikaendelea na safari.

Nikasimamisha yetu.

"Shuka ufunge moyeu wa kulia," nikamwambia mkubwa wangu.

Akatazama viatu vyake. Vilikuwa vyeupe. "Mi ni bwana harusi."

"Papa anashukaga."

"Papa alishamaliza kuoa."

"Tunaenda kuoa ao kulima?" shangazi akauliza. "Mutu ashuke, mbuzi iko ananiangalia vibaya."

Nilishuka peke yangu. Nilifunga wa kushoto, nikazunguka pua ya gari na kuzama mpaka kifundo cha mguu, nikafunga wa kulia. Mkono wangu ulipogusa chuma kile cha upande wa Papa nilihisi kama nimeingia chumba cha mtu asiyekuwepo. Nikavuta crabot, nikaingiza gia fupi, na jeep yetu ikaingia moja kwa moja ndani ya mifereji, kwa sababu yetu haina haja ya kuchagua ukingo. Ilikunywa matope mpaka kwenye ngazi, ikanguruma chini kwa chini, ikatambaa na kutoka. Ilipita vizuri sana. Kati ya zile mbili, mtu wa haki angesema zote zimepita, moja kwa akili, nyingine kwa nguvu. Lakini aliyeona yetu ikipita alikuwa muuza makaa mmoja tu aliyekaa juu ya magunia yake, na yeye hakutuuliza kitu.

Kwa wakwe tulipokelewa kwa ngoma na unga wa kumwagiwa kichwani. Watoto wote walikimbilia jeep ya maziwa na kuchora kwa vidole kwenye vumbi la milango. Maneno ya dot yalikwenda kama yanavyokwenda: upande wao ulilalamika kwamba mbuzi ana huzuni, shangazi yetu akajibu kwamba ana huzuni kwa kuacha mji. Baba mkwe alivaa kostime palepale juu ya nguo zake. Papa alisema hotuba yake, akapigiwa makofi.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukuta wa jiko, natazama tu mahali walipokaa wao wawili. Ndipo wakati wa kusimama kwa ajili ya sala nikaona kitu. Viti vya pale ni vya chini, vya mianzi. Kabla Papa hajajaribu kusimama, yaya alikuwa tayari nyuma yake, mkono chini ya kiwiko, anaongea na mtu mwingine kama vile mkono huo si wake. Papa akaegemea, akainuka kwa vipande viwili. Mguu wa kulia ulikuja baadaye. Hakuna mwingine aliyeona. Walifanya kwa namna ya watu waliokwisha kufanya mara nyingi.

Nilimfuata yaya nyuma ya nyumba alipokwenda kunawa.

"Mguu wa Papa iko na nini?"

Alinawa mikono yote miwili kwanza. "Goti."

"Tangu wakati gani?"

"Kabla ya Pasaka."

"Na wewe unajua."

"Nilimukuta njiani, amekaa juu ya jiwe, hawezi kusimama. Nikamubeba mpaka nyumbani na jeep ya patron. Alinikataza kusema." Akanitazama. "Leki, jeep yenu iko juu. Kupanda ile ni kama kupanda mti. Na kule kuinama kwenye moyeu, kila matope, kushuka, kupanda. Hii yangu anaingia kama anakaa kitandani."

Ningepaswa kumwonea Papa huruma kwanza. Niliona huruma, ilikuja, lakini haikuwa ya kwanza. Cha kwanza kilikuwa hiki: amemwambia yeye. Wivu wa jeep ulikuwa kama kuumwa na mbu. Huu ulikuwa kitu kingine. Miezi yote ile mimi nimekaa upande wake wa kushoto, bega kwa bega, na goti lenyewe liko mbele ya macho yangu, halafu habari yake inajulikana na mtu wa nyumba nyingine.

"Mbona wewe?" nikamwuliza.

"Si kwa kupenda. Nilipita tu pale." Akakausha mikono kwenye suruali, akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka kiganjani mwangu. Haukuwa hata ufunguo, ni kidude cheusi kama kipande cha sabuni. "Wewe umurudishe Papa. Mi nitaendesha jeep yenu ile mzee. Ukiikwaruza patron ataniua, donc usiikwaruze."

Hivyo ndivyo nilivyoketi kwenye kile kiti. Papa alikuwa tayari ndani. Aliponiona kwenye usukani alitazama mbele.

Lazima niwe mkweli juu ya ile jeep. Ni tamu. Niliikanyaga kidogo na ikaenda kama iliyokuwa inanisubiri. Usukani unageuka kwa kidole. Niliteseka kwa utamu wake, kwa sababu mtu anayechukia kitu hapendi kukipenda. Mikono yangu ilikuwa inatafuta fimbo ya crabot kando ya goti na kushika hewa. Miguu ilitaka kazi, hakuna kazi. Na kimya. Kwenye yetu hakuna anayenyamaza, kwa sababu hakuna anayesikika. Mtambo unaongea kwa niaba ya wote. Humu ndani nilisikia saa ya Papa kwenye mkono wake. Nilisikia anavyopumua. Tulikuwa tumepewa nafasi kubwa ya kuongea na sote tuliiogopa.

"Unaendesha kama umebeba mayai," akasema mwishowe.

"Ni ya patron."

"Mm."

Tukapita kijiji kizima.

"Ulifikiri nimependa hii baridi," Papa akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Nimeipenda. Lakini si kwa sababu hiyo." Alisugua goti kwa kiganja, wazi wazi, mbele yangu. "Ile mara ya mwisho kwenye barabara hii, nilifunga moyeu, kusimama ikakataa. Nikashika pneu. Nikakaa hivyo kidogo. Weye uliniita, nikakuambia naangalia pneu."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemwambia kwa dirisha kwamba pneu ni nzima, twende.

"Niliona unaangalia pneu," nikasema.

"Bon. Njo nilitaka uone hivyo."

"Yaya ameona vingine."

"Yaya alinikuta chini. Mutu akikukuta chini, unamuambia nini?" Alikuwa anasema pole pole, kwa sauti ambayo sikuijua, sauti ya ndani, isiyohitaji kupita juu ya mtambo. "Weye, sikutaka unikute chini. Ungechukua moyeu zote mbili mukononi mwako. Ungeniambia, Papa kaa, Papa usishuke. Na mi ningefanya nini ndani ya jeep yangu? Kukaa kama gunia?"

Nilikuwa nimekasirika, na machozi yalikuwa karibu, na jeep ya watu ilikuwa mkononi. Kweli ningesema hivyo hivyo alivyosema. Papa kaa, Papa usishuke.

Tulifika kwenye tope la malori ya makaa. Nilizungusha kitufe kwenye picha ya matope, nikapandisha upande mmoja juu ya tuta kama nilivyomwona yaya akifanya. Ilicheza nyuma, tak-tak-tak, ikatoka. Nilisimama ng'ambo kuwangoja wengine. Kwenye kioo niliona yaya anashuka kutoka jeep yetu, amekunja suruali, na mkubwa wangu naye akashuka, yule wa viatu vyeupe, eti sasa amekwisha kuoa. Wakainama mmoja kila upande. Shangazi alikuwa anawaamuru kutoka dirishani na wote watatu walikuwa wanacheka. Halafu jeep yangu ikaingia mferejini na kunguruma, na yaya kwenye usukani akapiga honi kwa furaha. Nami, niliyekaa kwenye baridi na kiti cha ngozi, nikaona wivu upya, safari hii juu ya matope yangu mwenyewe.

Papa alikuwa ananitazama.

"Uko na sura ya mama yako akiona pagne ya jirani," akasema. Na akacheka, kicheko kifupi cha puani. Sijui ni lini nilikuwa nimekisikia.

Alipomaliza kucheka akasema kuna fundi wa mifupa mtaa wa Tshopo, karibu na barrage, lile bwawa la umeme, ambaye amewahi kunyoosha magoti ya wanaume wengi wa umri wake. Alitaka kwenda Jumapili baada ya misa. Hakutaka watu wa nyumbani wajue mpaka aone kama inasaidia.

"Utanipeleka?" akauliza. Alingoja jibu.

"Na jeep gani, Papa?"

"Jeep hapana. Yetu sitapanda, na hii ikisimama kwa mulango wa fundi mutaa yote itajua." Alifikiri kidogo. "Kuna jirani yule wa toleka, anabebaga watu. Baisikeli yake iko na godoro nyuma, iko chini, mguu inafika. Muazime. Utakanyaga wewe."

Kutoka Mangobo mpaka Tshopo, na Papa nyuma yangu. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Kwenye gati ya Lubunga, wakati bac ilikuwa bado ng'ambo, nilimrudishia yaya kidude chake. Aliizunguka jeep ya patron, akaangalia kila mlango, akaridhika. Halafu akaja dirishani kwa Papa.

"Papa, Jumapili patron anasafiri. Naweza kuja nikupeleke kwa fundi yule niliyekuambia."

Kumbe fundi huyo ni yeye aliyempata.

"Asante, mwanangu," Papa akasema. "Jumapili niko na leki wako. Tutaenda sisi wawili."

Yaya akasema, "Ah, bon, sawa." Akapiga paa la jeep kwa kiganja mara moja, kama mtu anayeruhusu gari liende, ingawa halikuwa linakwenda popote. Uso wake haukubadilika sana. Ni pembe za mdomo tu zilizoshuka, na macho yakaenda kutafuta bac mtoni. Niliujua uso huo. Nilikuwa nao asubuhi, kando ya mlango uliofunguliwa bure. Baba yake alikufa yaya akiwa bado mtoto wa darasa la chini, na miezi ile yote alikuwa na mtu wa kumshika kiwiko, mtu aliyemwita mwanangu ndani ya gari lisilo na kelele, na sasa mimi nimekuja na baisikeli ya kuazima.

Moyo uliniuma kwa ajili yake. Nilijua la kusema, lilikuwa rahisi kabisa: yaya, njoo nawe, baisikeli mbili. Nilikuwa nalo mdomoni. Papa aliteremsha kioo kidogo zaidi ili hewa ya mto iingie, akaniuliza kama pneu za baisikeli ya jirani ni nzima au tutazitazama Jumamosi. Nikamwambia tutazitazama pamoja.

Yaya nitamwita Jumapili nyingine.